Jumapili Nane za Filamu ya Bomba

Jumapili, 6 Aprili

Mvua na filamu zimeanza pamoja, saa tisa alasiri. Mvua iliwazuia wengi. Waliofika walikuwa sitini na kitu, wameloa, ukumbi mzima ukanuka sweta mbichi. Mimi nilikuwa dirishani kwangu nakata tiketi. Mdogo wangu, ambaye hapa kila mtu anamwita Fundi, alikuwa juu kwenye chumba cha mtambo wa kuonyeshea filamu. Ndizo kazi zetu sisi ndugu wawili katika jengo hili: mimi nawaingiza watu, yeye anawaonyesha.

Filamu inaitwa Kipindi cha Nne. Mama Ukumbi, mwenye jengo na mwenye amri, amekubali ionyeshwe kila Jumapili mpaka mwisho wa Mei, na ikiisha taa ziwashwe watu wazungumze. Ni habari ya shule ambayo wanafunzi wanampiga mwenzao. Sikuingia kuitazama. Nilimwambia Mama Ukumbi kwamba siwezi kuacha dirisha. Uongo. Filamu ikishaanza hakuna anayekuja dirishani ila paka.

Lakini ukuta wangu na ukuta wa ukumbi ni mmoja, kwa hiyo nimesikia yote. Katikati kuna maji. Bomba linafunguliwa halifungwi, maji yanamwagika, yanamwagika, na ndani ya hayo maji kuna sauti nyingine ambazo sikutaka kuzitegea sikio. Hapo watu kumi na wanne walitoka nje. Baadaye nilimuuliza Fundi kulikoni.

"Kamera imekaa mahali pamoja inatazama bomba la uwanjani," akasema. "Mtoto anapigiwa nyuma ya ukuta, humwoni. Unaona tu wanaokuja kunywa maji. Wanasikia, wanakunywa, wanaondoka. Dakika nne."

"Na wewe unaionaje?"

"Mimi naangalia mtambo usichemke."

Kwenye mazungumzo mzee mmoja alisema hajawahi kuona ukweli kama ule. Mama mmoja akamjibu kwamba yeye hakutoka kwake na mvua yote hii kuja kutazama watu wakinywa maji.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Somo hakumaliza chakula chake.

Somo ni binti wa Fundi. Amepewa jina langu, kwa hiyo tunaitana Somo tangu ajue kusema. Yuko kidato cha pili. Mama yake anafanya kazi mbali na hurudi kila baada ya miezi mitatu, na chumba cha Fundi nyuma ya ukumbi hakina nafasi hata ya kugeuza godoro, basi mtoto analala kwangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua.

Jumapili, 13 Aprili

Wameingia themanini, wametoka ishirini na mmoja wakati wa maji. Vijana wameshaipa jina. "Ni filamu ya bomba, lakini si filamu bomba!" alisema mmoja akitoka, wenzake wakaangua kicheko hadi barabarani. Nami nilicheka, siwezi kudanganya kwenye daftari langu mwenyewe.

Taa zilipowashwa alisimama muuza dawa wa duka la kona. Watu humwita Daktari, naye udaktari haukatai. Ana sauti ya kuuzia mnadani.

"Jamani, nauliza! Mtoto akitazama hii anajifunza nini? Anajifunza kwamba ukitaka kumpiga mwenzio, tafuta ukuta!"

Nusu ya ukumbi wakapiga makofi, nusu wakaguna. Mwalimu mmoja aliyekaa mbele akageuka. "Daktari, kuta zipo tangu zamani. Watoto hawakuingoja filamu."

"Wewe huna mtoto pale shuleni. Mimi ninaye!"

"Mimi ninao arobaini na watano, darasa moja tu."

Daktari aliendelea kusema mpaka watu wakaanza kutafuta miavuli yao. Mtu akipenda sana sauti yake, anunue redio akae nayo.

Jumatano, 16 Aprili

Somo alikuwa akipitia kwa Daktari kila asubuhi kumchukua binti yake waende shule pamoja. Ni marafiki tangu darasa la kwanza. Sasa anazungukia njia ya juu, ndefu, yenye tope hadi vifundoni. Nilimuuliza kwa nini. Akasema huko juu kuna kivuli.

Kivuli gani, na jua hatujaliona siku kumi?

Jumapili, 20 Aprili

Leo amekuja mtengenezaji wa filamu mwenyewe. Nilitegemea mtu mzima mwenye miwani, kumbe ni msichana mwembamba aliyevaa viatu vya mvua. Bati la ukumbi lilipigwa na mvua hivi kwamba maji ya kwenye filamu na maji ya mbinguni yalichanganyika, sikujua tena yapi ni yapi. Waliotoka ni kumi na saba. Mmoja alikuwa mama wa makamo aliyekwenda moja kwa moja chooni. Nilimfuata na karatasi za kujifutia. Alikuwa ameshika sinki kwa mikono miwili.

"Nimekuja mara ya tatu," akasema. "Kila mara nasema leo nitavumilia mpaka wafunge lile bomba."

Sikumuuliza kwa nini. Nilisimama naye tu.

Ukumbini Daktari alikuwa ameshasimama. "Binti yangu, kwa nini usituonyeshe aliyepiga?"

"Kwa sababu mngemchukia yeye," msichana akajibu polepole, "halafu mngekwenda nyumbani mmetulia."

Sauti ikatoka nyuma kabisa: "Basi sasa tunakwenda nyumbani tumenuna. Ndiyo faida gani?"

Watu wakavunjika mbavu, hata mtengenezaji mwenyewe akacheka akafunika uso. Nilimpenda kwa hilo. Filamu yake bado siitaki.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Viatu havikauki hata vikilazwa juu ya jiko.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua imepumzika na ukumbi umejaa hadi ngazini. Wametoka thelathini. Baada ya taa kuwashwa, watu wazima wawili walishikana mashati wakibishana kama filamu inafundisha ugomvi au haifundishi. Mama Ukumbi aliwaachanisha kwa mwavuli. Mmoja alipoteza kifungo, tukakitafuta wote chini ya viti, na yule aliyekichomoa ndiye aliyekiona.

Daktari ameleta barua yenye sahihi za wazazi hamsini: filamu isimamishwe. Mama Ukumbi aliisoma kwa kuinyoosha mbali na macho, kisha akaikunja.

"Nikisikia kelele moja zaidi naiondoa, naweka ya mapenzi. Mapenzi hayana sahihi."

Nikasema moyoni, heri iondolewe. Nimechoka na hayo maji.

Jumatano, 30 Aprili

Nimeandika mara nne juu ya maji na sijaandika kwa nini. Leo mvua imenifungia ndani, Somo yuko shule, basi niandike.

Fundi hasikii sikio la kushoto. Watu wanajua, husimama kulia kwake. Wakiuliza husema alianguka akiwa mdogo. Hakuanguka. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi kumi na minne, shule moja. Wavulana wakubwa watano walimpiga nyuma ya stoo ya madawati kwa sababu alikataa kuwabebea mabegi yao. Mama alipouliza, akasema ameanguka kwenye ngazi, na sote nyumbani tukalikubali neno hilo kama mtu anavyokubali kiti akionyeshwa.

Mimi niliona. Nilikuwa napeleka madaftari ofisini, nikapita pembeni ya stoo, nikaona migongo ya watano na katikati yao shati lenye kiraka nilichokishona mwenyewe. Ofisi ya walimu ilikuwa hatua thelathini mbele yangu. Nilifika nikaweka madaftari mezani. Mwalimu akasema asante. Nikasema haya. Nikarudi darasani kwa njia nyingine.

Basi. Ni hilo tu. Miaka thelathini na minane na sijamwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Sikuogopa kupigwa. Au niliogopa, sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba madaftari yalikuwa mazito na niliona kama nikisema neno yataanguka.

Jumapili, 4 Mei

Wametoka kumi na tisa. Mama wa chooni alikuwepo. Leo hakutoka.

Jioni Somo, akiosha vyombo, aliniuliza bila kugeuka: "Shangazi, mtu akijua jambo baya akanyamaza, kosa lake ni sawa na la aliyetenda?"

"Nani anauliza?"

"Tumepewa swali. Somo la uraia."

Nikahisi amenichungulia daftari. Nilimjibu kwa ukali kwamba akamuulize mwalimu wake, mimi si kitabu cha uraia. Akasema sawa. Akaendelea kusuuza sahani moja ile ile.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Somo kakataa chai.

Ijumaa, 9 Mei

Mwavuli umegeuka nje ndani. Daktari alikuwa mlangoni pa duka lake, akaniona nahangaika nao, akasema hata miavuli inaikimbia ile filamu.

Jumapili, 11 Mei

Somo alimletea baba yake chakula cha mchana na hakurudi chini. Nilidhani amelala juu huko. Kumbe alisimama kwenye kitundu cha chumba cha mtambo akaitazama filamu yote. Ilipokwisha alishuka ngazi ameshika mkoba wa sahani kifuani, akapita mbele ya dirisha langu kama hanijui. Fundi alinifuata.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Hakusema. Wakati wa bomba alinishika mkono. Hajanishika mkono tangu ana miaka saba." Akajikuna shingo. "Dada, mtoto ana jambo. Mimi hataniambia. Ataona nitavunja milango ya watu."

Ishirini na wawili walitoka. Nimeandika kwa mazoea tu.

Alhamisi, 15 Mei

Naandika haraka, maana nataka kukumbuka jinsi yote yalivyokwenda.

Jana alasiri nilimkalisha Somo kwenye kigoda nimsuke. Mtu anayesukwa humwoni uso naye hakuoni wako. Nilikuwa mstari wa tatu aliposema, "Shangazi, kesho kutwa watampiga binti wa Daktari."

Sikuacha kusuka. Sijui nani aliniongoza, lakini vidole viliendelea. "Nani watampiga?"

"Kapteni na wenzake wawili." Kapteni ni msichana wa kidato cha nne, nahodha wa mpira wa pete. "Alikuwa na karatasi ya mtihani kabla ya mtihani. Binti wa Daktari akamwambia mwalimu. Sasa wanamwita msaliti. Ijumaa baada ya kipindi cha ziada, nyuma ya stoo."

Stoo. Nikavuta nywele kidogo, akasema aa.

"Wewe umejuaje?"

Hapo alingoja hadi nikamaliza mstari.

"Mimi ndiye wa kumwita. Niseme mwalimu wa baiolojia anamtaka. Mimi ananiamini. Kazi yangu ni kumwita tu, Shangazi. Kumwita tu, halafu niende."

"Uende wapi?"

"Popote. Waliniambia naweza kwenda kunywa maji."

Nikaweka kitana chini. Nilimzunguka nikachuchumaa mbele yake. Uso ulikuwa umelowa mpaka kidevuni na sikuwa nimesikia hata kwikwi moja.

"Ukisema, watanigeukia mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Basi usiseme."

"Nitasema, Somo wangu. Na utakuwa umesimama pembeni yangu nikisema."

Alilia kwa sauti sasa, akanipiga bega kwa ngumi, mara mbili, si kwa nguvu. Nikamwacha. Kisha nikammalizia nywele, kwa sababu huwezi kumpeleka mtu mbele ya watu na nusu ya kichwa.

Leo asubuhi hakwenda shule. Saa nne tulikuwa kwenye duka la kona. Somo alibaki nje chini ya ukingo wa bati, mimi nikaingia. Daktari alikuwa akipanga chupa.

"Karibu. Kama ni habari ya barua yangu, jibu ni lile lile."

"Sikuja kwa barua. Funga duka."

"Nifunge duka saa nne asubuhi? Kwa lipi?"

"Kwa mwanao."

Nilimweleza yote, hata sehemu ya Somo. Nilitegemea ile sauti ya mnada. Haikuja. Alikaa juu ya katoni la pamba, likabonyea taratibu mpaka magoti yake yakafika kifuani, naye hakuinuka.

"Kesho?"

"Kesho."

"Na wa kumwita ni huyu Somo wako?"

"Ni huyu wangu."

Nikangoja matusi. Ningeyapokea. Akajinyanyua, akachukua mwavuli ukutani, akatoka nje. Somo alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Daktari alimtazama. Kisha akaufungua mwavuli, akauweka juu ya kichwa cha mtoto, yeye mwenyewe akiwa kwenye mvua, akaanza kufunga milango ya duka kwa mkono mmoja.

Tukaenda shule watatu. Njiani akaniambia, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo: "Mwanangu ameacha kula wiki mbili sasa. Mimi nikampa dawa ya minyoo."

Sijui kilichonipata, nikacheka. Naye akacheka. Kisha akajipangusa uso, mvua au kitu kingine, sikuchunguza.

Mwalimu Mkuu ni mwanamke mfupi mwenye chaki kwenye mikono ya sweta. Alisikiliza bila kuandika, halafu akaandika bila kusema. Alimuuliza Somo maswali sita. Somo alijibu yote amesimama wima, mkono wake umeshika sketi yangu kwa nyuma, mahali Mwalimu Mkuu hapaoni.

Ijumaa, 16 Mei

Saa kumi na dakika ishirini alasiri. Naiandika saa hiyo kwa sababu ndiyo saa ambayo hakikutokea kitu.

Kipindi cha ziada kilikwisha saa kumi. Mwalimu Mkuu alikuwa amewapanga walimu wote uwanjani, na mchana ule alikuwa ameifungua stoo mwenyewe. Nyuma ya pipa la maji walikuta soksi ya kuchezea mpira, na ndani ya soksi kufuli kubwa la geti, la kumpigia. Alituonyesha mimi na Daktari. Daktari alilipima mkononi, kama anavyopima dawa, akaliweka mezani taratibu sana, akaomba maji ya kunywa.

Wale watatu waliitwa mmoja mmoja na wazazi wao. Nilimwona Kapteni mlangoni pa ofisi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Ni mtoto. Ana chunusi kwenye paji la uso. Mama yake alikuwa akirudia, "Mwanangu ana moyo mzuri, mwanangu ana moyo mzuri," na sikuona kama anadanganya. Nadhani alikuwa akimwomba mtu amthibitishie.

Somo amesimamishwa shule wiki moja. Alikubali kuwa sehemu ya jambo kwa mwezi mzima kabla ya kusema, akasema Mwalimu Mkuu, na hilo lina adhabu yake. Fundi alitaka kubisha. Somo akamwambia, "Baba, acha."

Saa kumi na dakika ishirini tulikuwa getini, mimi na Daktari, chini ya mwavuli mmoja. Watoto wakatoka wakikimbilia mvua. Binti yake alitoka nyuma ya wote, mkoba begani, akimenya chungwa. Alituona akasimama.

"Baba? Mbona umenijia? Nimefanya nini?"

"Hukufanya kitu," Daktari akasema. "Hukufanya kitu, mwanangu. Nipe chungwa."

Akapewa kipande. Hakukila. Alikishika hadi tunafika njia panda.

Jumamosi, 17 Mei

Nimelala saa kumi na moja mfululizo. Somo amelala kumi na mbili.

Jumapili, 18 Mei

Mvua ni ya rasharasha sasa, inakuja kama mtu aliyesahau kitu na kurudi kukichukua. Waliotoka ni wanane. Nikadhani watu wameizoea, lakini mazungumzo yaliwaka moto kama kawaida. Kijana mmoja alisema filamu ni ya kuwafurahisha wasomi, maisha halisi yana kelele zaidi. Mama wa chooni alisimama kwa mara ya kwanza. Akasema mwanawe alihamishwa shule tatu, na filamu hii ndiyo kitu pekee ambacho hakikumshauri la kufanya. Akakaa. Mtu akasema filamu nzuri ni ile inayokupa jibu. Mwingine akasema jibu likitakikana mtu aende kwa fundi saa, ataambiwa ni saa ngapi.

Daktari akasimama na ukumbi ukaguna, wakijua kinachokuja.

"Ile barua naiondoa," akasema. "Msipige makofi. Filamu haijanipendeza. Ni ndefu, ina giza, na ningeitengeneza mimi ningemwonyesha mama mmoja anayekuja kulifunga lile bomba. Lakini wiki sita nimesimama hapa kuwafundisha ninyi kulea watoto, na nyumbani nilikuwa natoa dawa ya minyoo."

Watu wakatazamana. "Minyoo inahusu nini?" Mama Ukumbi akauliza kwa sauti.

Daktari hakueleza. Alipopita dirishani kwangu akagusa kofia. Na mimi niliyeandika hapo nyuma kwamba anunue redio, naomba radhi, ingawa maneno yale siyafuti. Siku ile yalikuwa kweli.

Jumanne, 20 Mei

Mchana nilipanda chumba cha mtambo. Fundi alikuwa akifuta lenzi kwa kitambaa laini. Nikasimama upande wake wa kulia na kumwambia. Yale ya stoo, ya migongo mitano, ya madaftari. Sikulia. Nilikuwa nimeyarudia peke yangu miaka mingi hata maneno yalikuwa yamelainika kama sabuni iliyokwisha.

Aliendelea kufuta.

"Nilikuona," akasema.

Nikashika ukingo wa meza.

"Nilikuwa chini, nikaona viatu vyako. Kimoja hakikuwa na kamba, ulikifunga kwa utepe. Nikasema, huyo dada, sasa wataacha. Viatu vikapita."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa na hasira nawe. Nilikaa na hasira nawe mpaka nilipooa. Halafu nikachoka. Kukasirika ni kazi, Dada, na mimi nilikuwa na kazi nyingine."

Tukakaa. Chini Mama Ukumbi alikuwa akifagia na kuwasema waliotupa maganda ya karanga.

"Na bado ukampa mwanao jina langu," nikasema.

"Mama yake ndiye aliyechagua. Mimi nilitaka jina la Bibi."

Nilicheka hadi machozi yaliyokuwa yamekataa kuja yakaja kwa njia hiyo. Naye akacheka, kisha akaacha.

"Kama mwaka huu wote nimesikia vizuri neno moja tu, ni lile ulilokwenda kusema Alhamisi," akasema. "Sikulisikia mwenyewe. Mwanangu ndiye aliyenisimulia. Amesimulia mara tatu. Anasema ulisimama kama mti."

"Nilikuwa natetemeka."

"Basi hakuona. Usimwambie."

Alinipa lenzi niishike akipangusa mahali pake. Ni nzito kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 22 Mei

Jua tangu asubuhi. Nimeanika kila kitu, hata vitu vikavu.

Jumapili, 25 Mei

Ya mwisho. Mama Ukumbi alikaa dirishani badala yangu bila kuulizwa, akasema, "Nenda, kabla sijabadili nia."

Nilikaa safu ya tano, Somo kushoto kwangu. Robo saa ya kwanza nilisinzia, naandika ukweli. Watoto wanaingia darasani, wanatoka, mwalimu anasahihisha, nzi yuko kwenye dirisha. Kisha bomba. Nililifahamu kwa masikio, lakini sikuwa nimejua kwamba ni zuri, bomba la shaba lenye kung'aa mahali mikono ya watoto imelishika. Anakuja wa kwanza, anakunywa. Wa pili. Kuna msichana mmoja anayeinama, anasikia, anainua uso, na kwa muda tunatazamana naye kabisa. Kisha anajifuta mdomo na kuondoka. Magoti yangu yalitaka kunitoa nje. Nilibaki. Dakika nne si nyingi, kumbe. Zinapita, na mtu anakuwa bado amekaa kwenye kiti chake.

Watano walitoka. Mazungumzo yalikuwa kama siku ya kwanza: yule mzee akasema ni ukweli mtupu, na mtu mwingine akasema ni kupoteza Jumapili. Daktari alisimama tena akasema ni ndefu. Mimi nilinyoosha mkono, mara yangu ya kwanza, nikasema kwamba sehemu ya mwanzo inachosha na sehemu ya bomba iko sawasawa. Mwalimu wa mbele akaniomba niongeze. Nikasema sina la kuongeza, nikakaa, na hakuna aliyeona ajabu.

Tulipotoka kulikuwa na manyunyu mepesi. Somo alikuwa amesimama chini ya bati la mlango. Binti wa Daktari, aliyekuja leo na baba yake, alikuwa amesimama chini ya bati lile lile, hatua nne mbali naye. Hawajasemezana tangu lile jambo. Somo alimwandikia barua ya kuomba radhi, na jibu halikuja. Nilikuwa nimekwisha kumwambia kwamba huenda lisije, na kwamba barua ya radhi si hati ya kudai.

Binti wa Daktari alikuwa akitazama barabarani. "Ile filamu ni ndefu bure," akasema, kama anayeliambia gari lililokuwa likipita.

Somo akageuka. "Hukuielewa."

"Nimeielewa. Ni ndefu."

"Ingekuwa fupi usingesikia kitu."

"Kwani kuna cha kusikia? Maji tu. Halafu yule mwalimu, sauti yake kama ana mafua."

"Alikuwa na mafua! Ndiyo maana alikuwa na kitambaa!"

"Kitambaa gani?"

"Si nakuambia hukuielewa!"

Daktari alitoka akasimama pembeni yangu na mwavuli wake umekunjwa. Akafungua mdomo kuwaita. Nikamgusa mkono, akaufunga. Manyunyu yalikatika, lami ikaanza kufuka mvuke, watu wote wakaondoka, Mama Ukumbi akafunga mlango mmoja kisha wa pili, na wale wawili bado wanabishana kuhusu kitambaa, hatua tatu, kisha mbili, na sisi wazazi tumesimama hatuna haraka ya kwenda popote.